Gari kuukuu likivuja oili, tafuta chanzo kwanza

Mtu akitaka kuijua nyumba yenye gari kuukuu hana haja ya kuuliza. Na atazame chini tu, pale gari linapolala usiku. Akiona doa jeusi lenye ukubwa wa sahani, na pengine kipande cha katoni kimetegwa kukinga matone, basi ajue amefika. Wako wenye magari ambao hulionea haya doa hilo na kulifunika kwa mchanga kila asubuhi. Wengine hulizoea, kama mtu anavyozoea kikohozi. Na wako wale ambao wakiliona hukata tamaa mara moja, wakasema injini imekwisha, wakamwita dalali.

Mimi nimekaa na gari la namna hiyo kwa miaka mingi. Si fundi wa cheti, wala sijapata kuajiriwa katika gereji. Ni mtu wa kalamu tu ambaye mshahara wake ulimfundisha kushika spana. Gari langu ni Volkswagen lenye injini nyuma, lile lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Yale niliyojifunza nikiwa nimelala chini yake nataka leo nimgawie msomaji mwenye gari kama hilo, au mwenye gari lolote la zamani. Nayo yote yanatokana na jambo moja: mahali oili inapodondokea sipo inapovujia. Mwenye kulishika hilo ataokoa fedha, ataokoa gari, na pengine ataokoa uhai wa wale wanaopanda gari lenyewe.

LILIKUWA GARI LA HESHIMA

Vijana wa leo huenda wasijue heshima iliyokuwa nayo Volkswagen hili katika nchi yetu. Mashindano ya magari ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka uliofuata, 1954, mshindi alikuwa ameendesha Volkswagen. Likashinda tena mwaka 1957, na tena mwaka 1962. Watu wakaona kwamba gari dogo la mwalimu na karani laweza kupita katika tope na vumbi vinavyoyashinda magari ya fahari.

Kiwanda cha mwisho kulitengeneza gari hilo kilikuwa kile cha Puebla, nchini Mexico, nacho kiliacha Julai mwaka 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kutengenezwa duniani. Tangu siku hiyo hakuna jipya lililozaliwa. Yaliyobaki ndiyo haya yanayozeeka mikononi mwetu, na moja likienda kwenye vyuma chakavu halirudi.

Sasa, kwa nini oili iwe jambo kubwa katika gari hili kuliko mengine? Kwa sababu injini yake haina rejeta wala maji. Hupozwa na upepo wa feni, na kwa sehemu kubwa hupozwa na oili yenyewe. Na oili hiyo si nyingi: lita 2.5 tu, wakati magari mengi madogo hubeba lita tatu na nusu au nne. Katika kile kijiti cha kupimia, kutoka alama ya juu hadi alama ya chini ni lita moja na robo hivi. Kwa hiyo gari lililopoteza kiasi hicho limepoteza nusu ya oili yake yote. Tena gari lenyewe halikuja na kipimo cha oili mbele ya dereva. Lina taa moja ndogo tu, na taa hiyo ikiwaka safarini, mara nyingi madhara huwa yamekwisha kuanza.

KISA CHA MWALIMU

Katika likizo ya Aprili mwaka 2023, mvua zikinyesha Nakuru karibu kila siku, jirani yangu mmoja alinijia kwa hatua za pole. Ni mwalimu mkuu mstaafu, amepita miaka themanini, na mtaani hakuna amwitaye kwa jina. Sote humwita Mwalimu. Gari lake ni la mwaka 1972.

"Kijana wangu," alisema, ingawa nami nina mvi, "wewe wayajua magari haya. Nimeambiwa injini yangu imekufa."

Gereji moja ilikuwa imelitazama gari kwa dakika tano, ikamwandikia shilingi 65,000. Injini ishushwe, ipasuliwe, ibadilishwe sili ya nyuma ya krenki pamoja na kila kilichochakaa ndani. Kwa Mwalimu, fedha hizo zilikuwa ni kuuza ng'ombe wake wa maziwa. Naye dalali alikwisha kupiga hodi mara mbili akitaja bei ya vyuma chakavu.

Lakini kilichomkondesha mzee huyo hakikuwa fedha. Mkewe ana ugonjwa wa sukari, na kila mwezi hupelekwa kliniki. Mama alikuwa amekataa kupanda gari lile. Alisema kila akikaa humo asubuhi ya baridi, madirisha yakiwa yamefungwa, kichwa humgonga na moyo humchafuka. Nyumbani walidhani ni maradhi yanayozidi. Siku mbili za kliniki zilikuwa zimekwisha kumpita.

Nilimwuliza Mwalimu jambo moja. "Asubuhi hizo huwa umefungua ile hewa ya moto?"

"Bila hiyo Mama hawezi," alijibu. "Miguu yake hufa ganzi kwa baridi."

Hapo nikaanza kuelewa. Katika gari hili, hewa ya kuwapasha moto abiria hupitishwa kandokando ya mabomba ya ekzosi, ndani ya makasha ya bati yaliyo chini ya silinda, halafu huingizwa walikokaa watu. Oili ikidondokea makasha hayo huungua, na mvuke wake hufuata njia hiyo hiyo. Nilimwambia Mwalimu asiifungue tena hewa hiyo, na aendeshe dirisha likiwa wazi mpaka tutakapojua. Maana moshi wa oili hujitangaza kwa harufu, lakini ekzosi yenyewe ikiwa na tundu ndani ya kasha, basi huingia kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakidhani wanasinzia.

KUOSHA KWANZA, SPANA BAADAYE

Jumamosi tuliingia kazini. Mwalimu alikaa kitini kama msimamizi, mjukuu wake wa kidato cha tatu alishika tochi, nami nikalala chini juu ya gunia.

Injini ilikuwa nyeusi yote. Ukiitazama injini ya namna hiyo utasema inavuja kila mahali, na hapa ndipo fundi mwenye haraka humwumiza mwenye gari. Huona kote kumelowa, akasema kote kubadilishwe. Kumbe oili haina tabia ya kushuka wima. Feni ya injini hii hupuliza hewa kwa nguvu kuelekea chini kupitia silinda, na upepo wa barabarani nao huisukuma oili nyuma. Njiani hushikana na vumbi ikawa tope. Tone lililotoka juu kushoto laweza kuonekana limening'inia katikati, chini kabisa, kana kwamba ndiko lilikozaliwa.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza huwa ni kuosha. Injini ikiwa baridi kabisa, tulichomoa waya wa betri, tukafunika kabureta na distributa zisiingie maji. Kisha tukapaka mafuta ya taa kwa brashi, tukakwangua tope kwa kijiti, tukasuuza kwa maji ya sabuni. Petroli isitumiwe kamwe kwa kazi hii, kwa maana mvuke wake hungoja cheche moja tu. Tulipokuwa hapo nilikagua pia mpira unaoleta petroli. Mpira uliopasuka karibu na injini yenye oili ndio unaoteketeza magari haya barabarani.

Injini ilipokauka, binti alileta poda ya mtoto. Tuliinyunyiza kwenye maungio yote, ikawa nyeupe kama andazi lililopakwa unga. Mwalimu akaliendesha gari polepole hadi Njoro na kurudi, kama kilomita 40 hivi, kisha akaliegesha juu ya katoni safi niliyoichora mshale kuonyesha upande wa mbele. Tukanywa chai, tukaiacha injini ipoe.

Hapa nitie neno la tahadhari. Kazi nyingi za gari hili mtu huweza kuzifikia akiwa amelala kando ya gurudumu. Lakini ikibidi kuliinua, jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Magurudumu yanayobaki chini yatiwe vigingi, na gari likalishwe juu ya stendi za chuma au magogo mapana ya mbao ngumu. Tofali na bloku ya saruji hupasuka ghafla bila kuaga. Hakuna gasketi yenye thamani ya kifua cha mtu.

PODA IKASEMA

Aliyeona wa kwanza alikuwa binti. "Babu, huku poda imegeuka matope!" Alikuwa amemulika kifuniko cha valvu cha upande wa kushoto, na chini yake, juu ya lile kasha la bati la ekzosi, palikuwa na mstari wa oili uliokwisha kuanza kuungua.

Injini hii ina vifuniko viwili vya valvu, kimoja kila upande, na kila kimoja hushikwa na waya mnene wa springi. Hakuna hata nati moja. Kati ya kifuniko na kichwa cha silinda huwekwa gasketi iliyotengenezwa kwa gome laini kama la kizibo cha chupa. Ni kitu cha shilingi chache, na kwa kawaida hubadilishwa kila valvu zinapopimwa. Ikikaa miaka, joto huikausha ikawa ngumu kama ukoko wa ugali, nayo oili hupata njia.

Tulitega karai, tukaubonyeza waya kwa bisibisi ukashuka, kifuniko kikatoka. Ndani tulikuta gasketi mbili zimekaa moja juu ya nyingine. Aliyefanya kazi hiyo hakuiondoa ile ya zamani. Aliipaka silikoni nyekundu akabandika mpya juu yake. Gasketi mbili hazikai pamoja, huteleza. Nayo silikoni iliyozidi hubanwa ikaingia ndani, ikakatika vipande vipande, ikaanza kutembea na oili.

Dawa yake ni usafi na subira. Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote kwa kipande cha mbao ngumu, kwa maana kichwa cha silinda ni cha aluminiamu na bisibisi hukichora. Kifuniko kiwekwe juu ya kioo kuona kama kimepinda. Gasketi mpya ibandikwe kwa gundi kidogo upande wa kifuniko tu. Upande wa injini ipakwe grisi nyembamba, ili siku nyingine ifunguke bila kuchanika. Waya urudi katika nafasi yake, wala usipindwe kwa kudhani utakaza zaidi. Na mradi kifuniko kimefunguliwa, valvu zipimwe: kwa injini nyingi za miaka hiyo ya 1970 nafasi ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi.

Poda ilitusomea mahali pa pili pia, chini kabisa ya injini. Gari hili halikutengenezwa na chujio la karatasi kama magari ya siku hizi. Lina wavu wa waya uliofungwa kwa sahani ya mviringo yenye nati ndogo sita, na huwa na gasketi mbili za karatasi, moja juu ya wavu na moja chini yake, pamoja na washa sita za shaba. Kwa Mwalimu, washa zilikuwa tatu tu, na sahani ilikuwa imepinda kuzunguka kila tundu kwa kukazwa mno.

Watu wengi huamini kwamba kinachovuja hukazwa, na kikizidi kuvuja hukazwa zaidi. Katika gari hili imani hiyo ni hatari. Mwili wa injini ni wa mchanganyiko wa magnesiamu, madini laini. Vitabu vya ufundi hutaka nati hizo zikazwe kwa nguvu ya nyutonimita 7 tu, yaani spana fupi namba 10 ishikwe karibu na kichwa chake, mkono mmoja, bila kukunja uso. Mwenye misuli akiegemea hapo, bolti hung'oka pamoja na nyuzi zake, na tone la oili huwa limegeuka kazi ya karakana. Tuliinyoosha sahani kwa nyundo juu ya ubao, tukaweka gasketi mpya na washa zote sita, tukakaza kwa kuvukisha, nati hii kisha ile inayoielekea.

Lakini kabla ya kufunga, niliutia wavu ule mkononi mwa Mwalimu. Wavu huo ni kama ulimi wa mgonjwa kwa daktari. Ukikutwa na vipande vya chuma vinavyong'aa, beringi zinaliwa, na hapo kweli habari ni mbaya. Mwalimu alivaa miwani, akautazama kwa muda mrefu, akaupitisha kidole kama anayesahihisha daftari. Hapakuwa na chuma. Palikuwa na vinyuzi vya silikoni nyekundu.

"Basi haijafa," alisema.

NA ILE SILI JE?

Ilibaki shutuma kubwa ya gereji, kwamba sili ya nyuma ya krenki imekwisha. Sili hiyo hukaa nyuma ya flaiwili, mahali injini inapoungana na giaboksi. Oili ikionekana katika ungo huo, mtu aulize kwanza ni oili ya nani, maana giaboksi nayo ina sili yake hapo hapo. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Ya injini haina harufu hiyo. Dalili nyingine ni klachi: sili ikivuja sana, klachi hulowa ikaanza kuteleza mlimani.

Katika ungo wa gari la Mwalimu tulikuta unyevu tu, wa oili ya injini. Baada ya kilomita 40 hapakuwa na tone hata moja kwenye katoni chini yake, na klachi ilishika vizuri. Sili haikuwa mpya, ni kweli, lakini haikuwa mwizi tuliyekuwa tukimsaka. Tulikata shauri kuiacha. Kuibadilisha ni lazima injini ishuke. Ingawa inashikwa na bolti nne tu, uzito wake unapita kilo 100. Flaiwili yenyewe imefungwa kwa nati moja kubwa ya milimita 36 inayotaka mtaimbo mrefu, na kabla ya kufunga lazima mchezo wa krenki upimwe, uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13. Hapo si mahali pa mtu wa kalamu. Hapo aitwe fundi, tena fundi mwenye vipimo. Siku klachi ya Mwalimu itakapokwisha injini itashushwa hata hivyo, na sili ibadilishwe siku hiyo hiyo kwa gharama moja.

Kufunga mahali pa kuvuja hakutoshi kama jambo linaloisukuma oili nje halijaondolewa. Injini hupumua. Gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni ikashuka kwenye oili, na lazima ipate pa kutokea. Katika gari hili kuna bomba la pumzi kwenye shingo ya kutilia oili, na mwisho wake wa chini huwa na mpira mdogo wenye mdomo. Wa Mwalimu ulikuwa umegandamana kwa tope. Injini iliyozibwa pumzi ni kama sufuria ya maharagwe iliyofunikwa sana: hutafuta upenyo wowote. Tulipousafisha, tukafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, pumzi iliyotoka ilikuwa nyepesi. Ingekuwa inasukuma kiganja kwa nguvu, tungejua ringi zimechakaa.

Vile vile kujaza oili kupita alama ya juu ni kosa. Upande wa puli injini hii haikuwekewa sili ya mpira. Ina mfereji wa kujizungusha unaoirudisha oili ndani, na oili ikizidi mfereji huo hushindwa.

MAHALI PENGINE PA KUTAZAMA

Si kila Volkswagen lina ugonjwa wa Mwalimu. Chini ya silinda kuna mirija minane, minne kila upande, inayopitisha fito za kusukuma valvu. Kila ncha ina kipira chake, na vikikauka matone huonekana chini ya silinda. Kuvibadilisha kwa kawaida hutaka kichwa cha silinda kitolewe, ingawa iko mirija ya kukunjuka inayoingizwa bila kazi hiyo. Oili ikionekana juu, karibu na distributa, ishukiwe kwanza swichi ndogo ya taa ya oili. Na oili ikimwagika nyingi kwa ghafla upande wa kushoto, gari lisimamishwe pale pale, kwa maana huenda ni kipozea oili au vipira vyake.

Mwenye Toyota, Datsun au Peugeot la zamani atakuta majina hayo hayo mahali tofauti. Kifuniko cha valvu kiko juu, na oili yake hushuka kando ya injini ikadanganya watu kwamba sampu inavuja. Ziko sili za krenki mbele na nyuma, gasketi ya sampu, na njia ya pumzi ambayo huziba vile vile. Utaratibu ni ule ule. Osha, kausha, nyunyiza poda, endesha, halafu utazame mahali pa juu kabisa palipolowa. Anza na cha juu, na usiguse cha chini mpaka cha juu kimekauka. Mara nyingi cha chini hupona chenyewe.

Ziko pia dawa za chupa zinazosemekana kuziba mavujo. Nyingi hulainisha mpira uliokauka ukavimba kidogo, na kwa sili iliyoanza tu kulowa huenda zikasaidia kwa muda. Lakini haziponyi gasketi ya kizibo iliyopasuka, wala hazinyooshi sahani iliyopinda.

KILICHOPATIKANA

Vifaa niliagiza Nairobi, kule Kirinyaga Road ambako wazee bado huita Grogan. Gasketi, washa za shaba, mpira wa bomba la pumzi na oili mpya, vyote pamoja havikufika shilingi 5,000. Kabla ya kufungua tena ile hewa ya moto, Mwalimu alilipeleka gari kwa fundi wa ekzosi, naye akayakagua mabomba na makasha yake yote asikute tundu. Fedha za ukaguzi huo nisingemshauri mtu yeyote aziepuke.

Siku ya kliniki ilipofika, Mama alikubali kupanda, lakini alikaa amekishika kitasa cha dirisha tayari kulifungua. Waliporudi mchana nilimkuta Mwalimu langoni, nikamwuliza safari ilikuwaje. Akacheka. "Amelala tangu tulipotoka kliniki," alisema. "Miaka hamsini namwendesha, leo ndiyo mara ya kwanza kukoroma." Ng'ombe yuko zizini hadi leo. Na yule binti sasa ndiye apimaye oili ya babu yake kila Jumapili anapokuwa nyumbani, akaandika katika daftari: tarehe, kilomita, na kiasi kilichoongezwa. Daftari hilo laonyesha kwamba ungo wa giaboksi bado una unyevu, wala hauzidi.

Neno moja kuhusu oili chafu. Kwetu ni desturi kuipaka kwenye nguzo za ua ili mchwa wasile, na inayobaki humwagwa nyuma ya nyumba. Oili iliyotumika imebeba madini na masizi, nayo huzama ardhini ikafuata maji. Mwenye kisima au bustani ya sukuma asifanye hivyo. Aiweke katika mtungi wenye kifuniko, ampe mwenye kukusanya oili chafu, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika mtoto au chakula.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli tupu. Lakini kwa mwenye gari kuukuu ningeongeza neno: kabla hujauziba, uhakikishe kwanza uko wapi. Maana wako watu wengi waliojenga ukuta mzima, wakauza na ng'ombe wa kuulipia, na ufa wenyewe bado uko pale pale unatoa matone.